Maswali ya Wasomaji: Bahari Inapoingia Mtaani Mwezi Machi

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wasomaji wetu wa Massachusetts na Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Wengi wao walihamia huko kutoka Kenya, Tanzania na Kongo, na wamepanga au kununua nyumba karibu na maji kwa sababu kodi ya maeneo hayo ilikuwa nafuu kidogo. Wanauliza jambo moja kwa namna mbalimbali: baridi ikiwa inaelekea kuisha, bahari inatoka wapi hata kuingia ndani ya nyumba? Barua moja imetoka Kilwa, nayo tumeijibu mwishoni. Mfano tutakaourudia ni dhoruba ya tarehe 2 na 3 Machi 2018, kwa kuwa ndiyo wasomaji wengi wanayoikumbuka.

Machi 2018 mtaa wetu ulijaa maji ya bahari mara tatu ndani ya siku mbili. Lakini zipo dhoruba zenye upepo mkali vilevile ambazo hupita bila hata tone kufika barabarani. Tofauti iko wapi? (Msomaji, Quincy)

Tofauti iko kwenye saa ya maji kujaa. Ukali wa dhoruba ni nusu tu ya habari.

Chukua hesabu hii. Boston maji yanapojaa hufika futi 9 hivi wakati wa maji mafu (mwezi ukiwa nusu), na karibu futi 12 wakati wa bamvua kubwa (mwezi ukiwa mpevu au mwandamo). Yakipwa hurudi karibu na sifuri. Barabara za chini kabisa huanza kuingiliwa na maji kipimo kikifika futi 12.5. Sasa tuseme dhoruba inaifurisha bahari kwa futi 3. Ikija maji yakiwa yamepwa, unapata futi 3, na hakuna atakayejua. Ikija wakati maji mafu yamejaa, unapata futi 12, na barabara bado ni kavu. Ikikutana na bamvua lililojaa, unapata karibu futi 15, na hapo watu huokolewa kwa boti. Upepo ni uleule katika hali zote tatu.

Mwezi ulipevuka usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 2018 kwa saa za Ulaya, ambapo Boston ilikuwa bado jioni ya tarehe 1. Kwa hiyo bamvua lilikuwa kwenye kilele chake. Bahari ilifura kwa takriban futi 3 juu ya maji ya kawaida, na mchana wa tarehe 2 kipimo cha bandari ya Boston kilifika futi 14.67, yaani mita 4.47. Hicho kilikuwa kiwango cha tatu kwa ukubwa katika kumbukumbu za hapo, nyuma ya futi 15.16 za tarehe 4 Januari mwaka huohuo na futi 15.10 za tarehe 7 Februari 1978.

Kwa nini mara tatu? Kimbunga cha kitropiki hupita eneo moja kwa saa chache. Dhoruba hizi za baridi, ambazo wenyeji huziita noriista kwa sababu upepo wake hutoka kaskazini-mashariki, ni pana sana na zinaweza kuzibiwa njia na kukaa palepale kwa siku nzima au mbili. Bahari hujaa kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi. Dhoruba ikikaa saa 30 lazima ikutane na maji kujaa mara mbili au tatu. Dhoruba ya Machi 1962 katika majimbo ya kusini zaidi, kuanzia Virginia hadi New York, ilikaa hadi ikapitia maji kujaa mara tano mfululizo. Kinachoharibu zaidi ni kwamba maji ya kwanza hayatoki yote. Upepo unaendelea kuyazuia ndani ya vihori na mabwawa ya chumvi, kwa hiyo maji ya pili yanaanza kupanda kutoka kiwango ambacho tayari kiko juu. Nao ukuta wa bahari uliolegezwa na maji ya kwanza hupigwa tena kabla haujakaguliwa. Huko Duxbury sehemu ya ukuta wa bahari ilivunjika katika dhoruba ya Machi 2018.

Basi ukisikia dhoruba inakuja, usiishie kuuliza upepo utavuma kwa maili ngapi. Uliza itakuwa hapa wakati maji yanajaa mara ngapi.

Bahari "inafura" kwa nini hasa? Ni upepo tu? (Mwanafunzi, Lowell)

Ni mambo matatu. La kwanza ni uzito wa hewa. Hewa ikipungua kanieneo kwa hektopaskali 1, bahari hupanda kwa sentimita 1. Kanieneo ya kawaida ni 1013, kwa hiyo dhoruba yenye kitovu cha 980 hupandisha maji sentimita 33 chini yake hata bila upepo.

La pili, na ndilo kubwa, ni upepo kuyasukuma maji kuelekea nchi kavu. Nguvu hiyo haikui sawasawa na kasi ya upepo: kasi ikiongezeka maradufu, msukumo huongezeka mara nne. Na kadiri maji yalivyo na kina kifupi ndivyo yanavyorundikana zaidi, maana hayana nafasi ya kurudi baharini kwa chini. La tatu ni mawimbi yenyewe. Yanapovunjika mfululizo ufukweni huacha maji mengi kuliko yanayoweza kurudi kabla ya wimbi linalofuata, na juu ya hapo hurusha maji, mchanga na mawe kupita ukuta. Kipimo cha bandarini hakionyeshi mawimbi hayo. Ndiyo maana nyumba ya Scituate inayotazamana na bahari wazi inaweza kuvunjwa madirisha wakati kipimo cha Boston kinaonyesha maji ya wastani tu.

Liko na la nne, la polepole. Bahari ya Boston imekuwa ikipanda kwa takriban milimita 2.9 kwa mwaka. Kati ya 1978 na 2018 hiyo ni karibu sentimita 12. Rekodi ya Januari 2018 iliishinda ya 1978 kwa sentimita 2 hivi tu. Bila ule upandaji wa polepole isingeishinda.

Nasoma kwamba maji yatafika futi 13, lakini mlangoni kwangu hayajawahi kupita goti. Nazisomaje namba hizi? (Baba wa familia, Revere)

Ndugu yetu, sifuri ya kipimo hicho haipo barabarani kwako. Ni wastani wa kiwango cha chini zaidi ambacho maji hupwa kila siku, kwa hiyo futi 13 zinahesabiwa kutoka kwenye kiwango ambacho fukwe na matope yako wazi. Unachohitaji ni namba ya mlango wako. Utaipata hivi.

Subiri siku ya bamvua kubwa, isiyo na dhoruba. Nenda nje wakati maji yamejaa, piga picha mahali yalipofika, andika saa. Kisha fungua kwenye intaneti kipimo cha NOAA (idara ya Marekani ya bahari na hali ya hewa) cha bandari iliyo karibu nawe na uone maji yalifika futi ngapi kwa saa hiyohiyo, yaani yaliyopimwa, si yaliyotabiriwa. Baada ya hapo chukua rula ndefu na pimamaji ya fundi uone kutoka alama ile hadi kizingiti cha mlango wako kuna tofauti ya futi ngapi. Jumlisha. Kama maji yalifika futi 11.8 na kizingiti kiko futi 2.5 juu yake, namba yako ni 14.3. Dirisha la besmenti (chumba cha chini ya ardhi) lina namba yake, na karibu siku zote ni ndogo kuliko ya mlango. Ziandike zote mbili ukutani jikoni.

Wasomaji wetu hukosea katika mambo matatu. Kwanza, hati za bima na ramani za mafuriko hutumia sifuri nyingine, inayoitwa NAVD 88. Boston sifuri hiyo iko karibu futi 5.5 juu ya sifuri ya kipimo cha bandari na ya jedwali la maji kujaa na kupwa, kwa hiyo zile futi 14.67 za Machi 2018 kwenye hati ya bima zitasomeka kama futi 9.2 hivi. Watu wameona "nyumba ina futi 10" wakadhani maji ya futi 12 yataingia sebuleni, au kinyume chake, wakajiona salama wakati hawako salama. Pili, Portland na Boston kila moja ina kipimo chake. Portland mafuriko huanza kwenye futi 12, si 12.5. Tatu ni saa. Jumapili ya pili ya Machi saa husogezwa mbele kwa saa moja, na baadhi ya majedwali yaliyochapishwa hubaki kwenye saa za zamani. Na ukimpigia mama nyumbani au ukiwatumia jamaa ujumbe kwa Kiswahili, andika wazi: 11:15 AM ni saa tano na robo asubuhi. Kosa la saa sita kwenye maji ya bahari ni tofauti kati ya kujaa na kupwa.

Simu yangu huandika "Advisory", mara "Watch", mara "Warning". Lipi la kukimbia? (Dada, Lynn)

Advisory: maji yatafika barabara za chini, sogeza gari. Watch: huenda mafuriko makubwa yakaja, kwa kawaida bado una siku moja au mbili, basi fanya maandalizi yote sasa. Warning: mafuriko yenye hatari kwa watu na nyumba yanakuja au yameanza. Ukiambiwa uhame, hama kabla maji hayajaanza kupanda, yaani angalau saa tatu kabla ya saa ya kujaa, kwa sababu barabara ya kutokea mara nyingi huzama mapema kuliko nyumba yenyewe. Usisubiri kuyaona.

Nimepewa viroba vya mchanga na manispaa. Navipanga vipi mlangoni? Mwaka jana maji yalipenya chini yake. (Msomaji, Winthrop)

Yalipenya kwa sababu viroba vilijazwa pomoni. Kiroba kilichojaa huwa kigumu kama gogo na hakikai vizuri juu ya mwenzake. Jaza nusu, au kisichozidi theluthi mbili, usikifunge kwa kamba. Kunja mdomo na uulaze chini ya kiroba chenyewe, ukielekea upande maji yanakotoka. Panga kama matofali, kiungo kisikae juu ya kiungo, na kila safu ikanyage kwa miguu hadi ilale. Ukitaka kimo cha sentimita 30, kitako kiwe na upana wa karibu sentimita 90.

Kabla ya safu ya kwanza, fagia theluji na barafu hadi uone lami au saruji. Kiroba kilicholazwa juu ya barafu huteleza, na barafu ikiyeyuka chini yake inaacha mfereji. Tandika nailoni nzito upande wa maji, iingize chini ya safu ya kwanza na uipandishe juu. Kwa ukuta wa urefu wa mita 3 na kimo cha sentimita 30, jiandae na viroba 60 hivi, kila kimoja kilo 15 hadi 18. Kazi hiyo ni ya saa kadhaa kwa watu wawili, kwa hiyo usiianze maji yakiwa yameshajaa.

Viroba vinapunguza maji, havizuii kabisa, na mbele ya mawimbi havidumu. Kama maji huingia kwako kupitia bomba la maji machafu, hata ukuta wa viroba mia hautakusaidia: bahari ikipanda juu ya mdomo wa mtaro, maji hurudi kinyumenyume na kutokea kwenye choo au bomba la sakafuni. Dawa yake ni vali ya kuzuia maji kurudi, inayowekwa na fundi bomba mwenye leseni. Kwa dharura ziba tundu la sakafuni kwa kizibo cha mpira kinachokazwa kwa skrubu.

Tuna tanki la mafuta ya kupashia nyumba joto kwenye besmenti. Jirani anasema likijazwa mafuta haliwezi kuelea. Ni kweli? (Mama, Portland)

Si kweli, mama, na tunaomba umweleze jirani mapema.

Tanki la kawaida la nyumba hubeba galoni 275, kama lita 1,040. Likizama lote, linasukuma nje maji ya bahari yenye uzito wa kilo 1,066 hivi. Tanki tupu lenyewe lina kilo 115 tu au karibu na hapo. Maana yake likiwa tupu maji hulisukuma juu kwa nguvu ya karibu kilo 950, uzito wa gari dogo. Likijaa mafuta, mafuta hayo yana kama kilo 880, kwani mafuta ni mepesi kuliko maji. Jumla ni kilo 995 au 1,000. Bado maji yanashinda kwa makumi ya kilo. Kulijaza kunapunguza hatari sana, lakini hakuiondoi.

Linapoinuka hata sentimita tano, bomba dogo la shaba linaloelekea kwenye tanuri la kupashia nyumba joto hukatika, na mafuta huanza kumwagika ndani ya maji. Maji yakiondoka mafuta hubaki kwenye saruji, kwenye mbao, kwenye udongo chini ya nyumba. Zipo nyumba ambazo maji yalikuwa ya kimo cha goti tu, lakini harufu ya mafuta iliwafukuza watu kwa miezi.

Liwekewe mikanda ya chuma inayopita juu yake na kufungwa kwa boliti kwenye sakafu ya zege, si kwenye ukuta wa mbao na si kwa miguu ya tanki pekee. Bomba la hewa na la kujazia lililo nje lipite juu ya kiwango cha mafuriko, na kifuniko cha kujazia kikazwe, vinginevyo maji ya bahari yataingia na kuyasukuma mafuta nje. Ukisikia tahadhari, agiza mafuta tanki lijae. Kabla ya kuondoka zima tanuri kwa ile swichi yenye kibao chekundu, ambayo mara nyingi huwa juu ya ngazi za besmenti, kisha funga vali iliyo chini ya tanki.

Ukirudi ukakuta rangi za upinde wa mvua juu ya maji au harufu ya dizeli, usiyapampu maji hayo barabarani wala mtaroni. Piga simu zimamoto. Na tanuri lililoguswa na maji ya chumvi lisiwashwe hadi fundi alifungue: vali za usalama zilizozama hubadilishwa, hazikaushwi.

Naweza kupita kwenye maji ya barabarani kwa gari? Kina chake kinaonekana kidogo. (Dereva, Revere)

Usipite. Maji ya sentimita 15 yanayokwenda kasi humwangusha mtu mzima. Sentimita 30 hubeba gari dogo, na 60 hubeba magari mengi, hata yale marefu. Quincy, Machi 2018, watu walitolewa majumbani kwa malori marefu ya National Guard (jeshi la akiba la jimbo), si kwa magari ya kawaida.

Na baridi ni adui wa pili. Maji ya bahari huko mwezi Machi huwa na nyuzi 4 hivi za Selsiasi. Mtu akitumbukia, dakika ya kwanza pumzi humshinda. Ndani ya dakika 10 vidole havishiki tena kamba wala mlango. Kuzirai kwa baridi huja baadaye, kama saa moja, lakini wengi huzama kabla ya hapo kwa sababu mikono haifanyi kazi.

Ikiwa umepita kwenye maji ya chumvi bila kujua, osha chini ya gari kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyohiyo. Maji yakifika usawa wa kiti, usiwashe injini, gari liburuzwe. Gari la umeme lililozama kwenye maji ya chumvi liegeshwe mbali na nyumba, angalau mita 15, na nje ya gereji. Betri zake za lithiamu zinaweza kuwaka moto siku kadhaa au hata majuma baadaye, wakati gari limezimwa na hakuna mtu karibu. Hali kadhalika baiskeli na skuta za umeme.

Besmenti imejaa maji hadi kifuani. Nimekodi pampu kubwa. Nianze lini? (Msomaji, Marshfield)

Usianze mara moja, na usiyamalize kwa siku moja.

Maji yaliyo ndani yanaisaidia nyumba yako kusimama. Udongo wa nje nao umelowa na unasukuma ukuta. Kina cha mita 1 ya maji husukuma kila mita ya upana wa ukuta kwa nguvu ya karibu kilo 500, na udongo uliolowa huzidisha. Ukiyatoa ya ndani ghafla, msukumo wote unabaki upande mmoja: ukuta wa matofali hupinda kwa ndani na kuanguka, au sakafu huinuka na kupasuka.

Ngoja maji ya nje yaondoke. Toa sentimita 30, chora alama ukutani, lala. Asubuhi tazama: kama maji yamepanda tena juu ya alama, bado ni mapema, simama. Kama yametulia, toa sentimita 60 hadi 90 siku ya pili, chora tena, ngoja usiku mwingine. Endelea hivyo. Na kabla hujapampu kabisa, angalia jedwali: bamvua likiwa bado lipo, maji ya jioni yanaweza kukurudishia yote.

Umeme uwe umezimwa kwenye swichi kuu tangu kabla maji hayajaingia. Kama haukuzimwa, usishuke kwenye besmenti yenye maji kwenda kuuzima. Ita kampuni ya umeme ikate kutoka nje. Jenereta ya pampu iwe nje, mita 6 au zaidi kutoka mlango na dirisha, bomba la moshi likielekea mbali na nyumba. Watu hufa kwa kaboni monoksaidi baada ya dhoruba kwa kuiweka gereji na kuacha mlango wazi, wakidhani hewa inatosha.

Kwa wenye pampu ya kudumu iliyofungwa kwenye shimo la kukusanyia maji la besmenti: mwezi Februari mwagia ndoo ya maji shimoni uone kama inajiwasha. Kisha toka nje uangalie mdomo wa bomba lake. Barafu ikiuziba, pampu itaunguruma bila kutoa kitu hadi mota iungue. Na iwe na betri ya akiba, kwa sababu upepo uleule unaoleta bahari hukata umeme.

Nimekausha nyumba kwa feni wiki mbili lakini kuta bado zina unyevu na ukungu mweupe unatoka. (Msomaji, Hull)

Huo mweupe huenda ni chumvi, si ukungu. Umeanza kukausha kabla ya kuosha. Chumvi inayobaki kwenye saruji na mbao huvuta unyevu kutoka hewani, kwa hiyo kila siku ya ukungu wa baharini ukuta wako hulowa upya. Rudi nyuma hatua moja.

Ng'oa jipsamu bodi hadi sentimita 30 juu ya alama ya maji, maana hunyonya maji kupanda kama utambi. Pamba ya kioo iliyo ndani ya ukuta itupwe yote iliyolowa. Osha mbao na saruji kwa maji safi na sabuni, suuza, rudia mara mbili au tatu hadi ukilamba kidole usikie hakuna chumvi. Ila usifanye jaribio hilo kama maji machafu ya choo yaliingia. Hapo ndipo ufungue feni na mashine ya kukausha hewa. Usifunike ukuta mpya hadi kipima unyevu kionyeshe mbao ziko chini ya asilimia 15. Kipima hicho ni cha bei ndogo. Kina thamani kuliko neno la fundi anayetaka kumaliza haraka.

Kuvu huanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48 nyumba ikiwa na joto. Jiki itumike mwisho, baada ya sabuni, kwa sababu uchafu huimaliza nguvu: kikombe kimoja, mililita 240, kisichozidi hapo, kwa galoni moja ya maji. Fungua madirisha, vaa glavu. Usiichanganye kamwe na dawa nyingine ya usafi, hasa yenye amonia.

Soketi, swichi na saketi breka zilizoguswa na maji ya bahari zibadilishwe zote hata kama zinafanya kazi leo. Chumvi hula shaba polepole na kuacha utando unaopitisha umeme, na moto huja baada ya miezi.

Mimi ni mpangaji. Mwenye nyumba ana bima. Nami nahitaji? (Kijana, Quincy)

Ndiyo. Bima yake ni ya jengo, si ya godoro lako. Na bima ya kawaida ya nyumba au ya mpangaji hailipi mafuriko. Mpango wa taifa wa bima ya mafuriko, NFIP, humruhusu mpangaji kukata bima ya mali peke yake, hadi dola 100,000. Jengo la familia ni hadi dola 250,000. Huanza kufanya kazi baada ya siku 30, kwa hiyo ya Machi ikatwe Januari. Ukiishi besmenti, soma kwa makini: hulipa mashine ya kufulia na friza, lakini si samani, nguo wala zulia la chini ya ardhi. Gari halimo, hilo ni bima kamili ya gari.

Piga picha za kila chumba leo. Baada ya maji, piga tena kabla ya kutupa, na kata kipande cha zulia ukihifadhi. Hati ya madai yenye kiapo inatakiwa ndani ya siku 60. Mwenye bima ya jengo atunze risiti za viroba na pampu: zinaweza kurudishwa hadi dola 1,000. Ukihitaji mkalimani, namba 211 hufanya kazi Massachusetts na Maine.

Huku Kilwa bamvua la Machi hufika barazani mwa watu, lakini hatujaona bahari ikifura namna hiyo. Tuko salama? (Mvuvi)

Mzee wetu, mna kinga mbili. Mko karibu na ikweta, ambako vimbunga havipati mzunguko kwa urahisi, na sehemu kubwa ya pwani yetu bahari huingia kina kirefu haraka, nje kuna miamba, kwa hiyo upepo haupati maji mafupi ya kurundika. Lakini vimewahi kufika. Lindi ilipigwa na kimbunga mwezi Aprili 1952, na kimbunga Hidaya kilitua kisiwani Mafia tarehe 4 Mei 2024. Njia za maji mafupi kati ya visiwa na bara, kama ile ya Mafia, hazina kinga ya kina.

Hesabu ni ileile ya Quincy. Bamvua likiwa tayari barazani, nusu mita tu ya maji yaliyosukumwa na upepo inaingia chumbani. Tia alama ya rangi kwenye nguzo mahali bamvua la Machi lilipofika, na tarehe yake. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitangaza kimbunga, tazama kwanza mwezi uko siku ya ngapi. Ukiwa mpevu au mwandamo, vuteni mashua na injini juu ya alama hiyo kwa kimo cha mtu, na msilale kwenye nyumba za ufukweni usiku huo hadi maji ya pili yapite.